Shu, Lengalenga na Sahani Iliyosukumwa

Wanangu, juma lililopita mmoja wenu, yule binti wa miwani, alinijia kabichi mkono huu na fungu la lengalenga, yaani mchicha, mkono ule. "Muzee," akaniambia, "kati ya hizi mbili, gani inajenga mwili kuliko ingine?" Nikamwambia aviweke mezani kwanza, maana mikono yake itachoka kabla sijamaliza kujibu. Akacheka, akidhani natania. Kuna wakati macho ya mtoto mmoja yalitegemea jibu la swali hilo, na jibu tulikuwa nalo, tena lilibandikwa ukutani, na bado halikututosha. Kaeni basi niwaeleze, na anayetaka kuondoka mapema akae karibu na mlango.

Mimi ni Anselmi. Ujana wangu niliumaliza nikipika katika dispansari moja hapa Goma, miaka ile ya hamsini, mji ulipokuwa mdogo, ukipiga chafya sokoni mtu wa mtaa wa Himbi anakuambia pole. Nilikuwa nimeshuka kutoka Masisi kutafuta kazi ya udereva. Nikapewa kisu na gunia la vitunguu, nikaambiwa motokari itakuja baadaye. Mpaka leo naingoja. Rafiki zangu waliobeba mizigo kwenye meli za ziwa waliniita Mbuzi, kwa sababu kila wakinikuta nilikuwa na majani mkononi. Niliwaacha waseme, maana wakiumwa walilala kwetu na kula hayo hayo majani.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Kambale, mpishi mkuu, Mnande wa upande wa Butembo. Alikuwa mtu mfupi, mkali, na aproni yake ilikuwa nyeupe kuliko mashuka ya wodi. Kusifu hakujua. Ukipika vizuri alinyamaza, ukipika vibaya alikuita kwa jina lako, la baba yako, na la kijiji ulikotoka. Nilimwogopa kuliko daktari. Nilimpenda pia, lakini hilo nililijua baadaye.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuosha. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua ardhi yetu ni ya volkano, na lengalenga ya Goma haiji peke yake. Inakuja na mchanga mweusi, umekaa kimya chini ya jani, unangoja meno yako. Muzee Kambale alinisimamia mbele ya beseni siku nzima ya kwanza. Kila nikisema yametakata, aliinua jani moja, akalitafuna bichi, akatema.

"Osha tena," akasema. "Maji ya mwisho inapaswa kuwa maji ya kumupa mugeni akunywe."

Lengalenga, alinifundisha, huchumwa asubuhi kabla haijatoa maua, kwa sababu ikishaanza kuchanua imeshafikiria watoto wake na imekusahau wewe. Mashina magumu unayatupa, malaini unayaacha. Maji kidogo tu sufuriani, na hayo maji usiyamwage, uyale pamoja na majani. Halafu mafuta. Majani bila mafuta, alisema, ni kama kuita mtu kwa jina halafu usimfungulie mlango. Na shu, ambayo ninyi wasomi mnaiita kabichi, unaipima kwa mkono: iwe nzito kuliko inavyoonekana, na ukiiminya ilie. Unaikata nyembamba dakika ya mwisho, unaiondoa motoni ikiwa bado ina nguvu. Wapo wanaoichemsha shu mpaka nyumba nzima inanuka soksi, kisha wanashangaa watoto wanaikimbia. Watu hao bado wapo, wengine nawaona hapa mbele yangu wakiangalia chini.

Mengine tulifundishwa na Masera Godeliva, mtawa mzungu aliyesimamia dispansari. Alizungumza Kiswahili chake cha kunyooka kama rula, na alichora kwa mkono wake picha kubwa za mboga, akazibandika kwenye ukuta wa baraza tulipopikia mbele ya akina mama. Chini ya shu alichora meno na mdomo unaocheka, kwa sababu shu ina kile kinacholinda ufizi na kufanya kidonda kipone haraka, ili mradi usiiue motoni. Chini ya lengalenga alichora jicho, tone la damu na mfupa. Hiyo nayo ina kile cha ufizi, alituambia, lakini kwa mambo matatu yale inaiacha shu mbali, hasa kwa jicho. Yale majani meupe ya katikati ya shu, yanayopendwa na watu wote kwa sababu ni laini, kwa jicho karibu hayana kitu. Kijani kibichi ndicho chenye kazi hiyo. Nilizitazama picha zile kila siku nikikoroga, mpaka nikaziota.

Lakini sokoni mambo yalikuwa kinyume. Shu ilikuwa mboga ya heshima. Ilitoka kwenye bustani za wazungu kando ya ziwa, ilinunuliwa kwa franka, ilikaa mezani imejaa kama tumbo la shefu wa kijiji. Lengalenga iliota yenyewe nyuma ya choo na kwenye jalala. Nani atajivunia kitu ambacho hata kuku wanakikanyaga?

Ndipo alipokuja Mama Furaha. Mume wake, Papa Sebastiani, alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja ya Himbi, na mzungu wake alimruhusu kuchukua shu zilizopasuka au zenye alama. Nyumbani kwao shu haikukosekana. Alikuja siku ya kupima watoto, kitenge kimefungwa vizuri, shu mbili kwenye kikapu kama zawadi ya jikoni, na binti yake Furaha akimshika kidole. Mtoto alikuwa na miaka kama minne, mwongeaji, kila kitu anauliza jina lake. Nilimpenda hapo hapo. Alipoingia kutoka kwenye jua kuja barazani kwenye kivuli, akalipiga benchi kwa goti, akaanguka. Akainuka, akapiga hatua, akagonga debe.

"Anakuwaka tu vile," mama yake akasema akicheka kidogo. "Jua ikienda, haangalie mahali anakanyaga. Ni mutundu."

Masera Godeliva hakucheka. Nyuma ya jiko tulikuwa na stoo ya makaa, chumba cha giza chenye mwanga mdogo tu chini ya mlango. Aliweka ndizi mbivu juu ya gunia, akamwambia Furaha aingie aichukue iwe yake. Watoto wengine wakiingia mle, kwanza walisimama kidogo, kisha waliiona. Furaha aliingia, tukamsikia akipapasa. Tukasikia magunia. Tukasikia akiuliza, bila kulia, "Mama, ndizi iko wapi?" Ilikuwa mbele yake.

Masera alitueleza jikoni, mimi na Muzee Kambale, mlango umefungwa. Jicho la mtoto lilikuwa limeanza kukauka. Kwanza jioni inapotea, baadaye mchana nao unaweza kupotea, na ukipotea haurudi. Alikuwa na mafuta ya samaki kidogo yaliyobaki kwenye chupa, atampa yote, na mengine ameagiza Bukavu, lakini meli ilikuwa na siku zake. Kilichobaki ni chakula, tena cha kila siku, na kianze leo. Muzee Kambale alichukua kisu chake, akakinoa, na kilikuwa kimeshanolewa asubuhi.

Mama Furaha alipoambiwa ampe mtoto lengalenga, uso wake ulifungwa. Alisema sawa, kama watu wanavyosema sawa wakiwa hawatafanya. Juma lililofuata Furaha aligonga benchi lile lile. Nikamwuliza mama yake anampikia nini.

"Shu," akajibu. "Mutoto yangu hakule majani ya jalala. Baba yake anatumika kwa bazungu."

Hapo kijana Anselmi, aliyekuwa na picha za Masera kichwani, akaona zamu yake ya kufundisha imefika. Nilichukua shu kutoka kwenye kikapu cha Mama Furaha, nikaiweka mezani kando ya fungu la lengalenga, mbele ya akina mama wote, nikaeleza moja moja: ufizi huku, jicho huku, damu huku, mfupa huku. Nilieleza vizuri sana. Nikamalizia kwa kuigonga shu ile kichwani na kusema, "Hii, kwa macho ya mutoto yako, ni maji tu." Mama mmoja akacheka. Mama Furaha akainuka, akachukua shu yake pale mezani, akamchukua mtoto wake, akaenda. Siku iliyofuata ya kupima hakuja, wala ile nyingine.

"Ulisema kweli," Muzee Kambale akaniambia tukisugua masufuria. "Sasa hiyo kweli yako itamulisha nani?"

Nilitaka kujitetea. Akanizuia kwa mkono wenye sabuni. Akaniambia kwao mlimani alikuwa na dada mdogo, Masika. Alianza hivyo hivyo, kugonga vitu jioni. Watu wakasema amerogwa, wakaenda kwa waganga, mbuzi wakachinjwa, na majani yaliota pembeni ya nyumba muda wote ule. Masika alikuwa hai bado, alikuwa mtu mzima, na aliongozwa kwa fimbo. Alinieleza haya akiangalia sufuria, akalisugua mpaka nikadhani litatoboka. Nilielewa kwa nini alinifanya nioshe majani siku nzima.

Aliyetufungulia njia ni Papa Sebastiani mwenyewe. Alikuja jioni moja akitoka kazini, kofia mkononi, kuomba radhi kwa sababu mke wake aliondoka bila kuaga. Muzee Kambale akampa kiti na kikombe cha chai, akamwuliza polepole kwa nini nyumba yake inaogopa lengalenga.

"Haogope lengalenga," Papa Sebastiani akasema. "Anaogopa mama yangu."

Mkewe, alitueleza, alipoolewa, chakula cha kwanza alichompikia mama mkwe kilikuwa lengalenga. Hawakuwa na kitu kingine. Mama mkwe alitia tonge moja mdomoni, akasukuma sahani kwa kidole, akatoka nje. Hakurudi kula, na hakusema neno. Na ninyi mnajua desturi yetu. Mgeni wa heshima akisukuma sahani, amesema maneno ambayo mdomo hauwezi kuyasema. Bibi arusi yule alikaa na sahani ile usiku kucha. Tangu siku hiyo lengalenga haikuingia tena nyumbani mwake, na mume alipopata kazi ya bustani ya shu, aliona Mungu amemfuta machozi. Shu aliyompa Furaha kila siku ilikuwa upendo wake wote. Hakuna mama aliyempenda mtoto kuliko yule, naomba mlikumbuke hilo mkikutana na akina mama wa namna hiyo, maana mtakutana nao.

Jumapili baada ya misa tulikwenda Katoyi, mimi na Muzee, pale ambapo wakati ule palikuwa mashamba na mawe tu. Mama mkwe aliitwa Bibi Koleta. Tulimkuta anapalilia maharage, kiko mdomoni, mgongo umepinda lakini jicho kali. Muzee Kambale alisalimia kwa urefu, akasifu maharage, akauliza habari za mvua, na baada ya kuzunguka huko kote akafika kwenye sahani.

Bibi Koleta akaweka jembe chini.

"Ile siku," akasema, "jino ilikuwa inaniuma kama moto. Nikatia mukono, nikatafuna, muchanga ikaingia mule mule ndani ya jino. Niliona nyota. Nikasukuma sahani nikaenda inje kutema."

"Na hukumwambia?" nikauliza.

"Nimuambie nini? Bibi arusi wa juzi, nimuambie hajue kuosha majani? Batu baseme nimekuja kumuchokoza siku ya kwanza? Nilinyamaza juu ya heshima yake." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani yeye alifikiri nini?"

Muzee Kambale akamweleza alichofikiri. Akamweleza habari ya Furaha, benchi, stoo na ndizi. Mwanamke yule mzee alivuta kiko kilichokuwa kimezimika. Alikuwa ameshaona, akasema, kwamba jioni mjukuu wake anamtafuta kwa sauti, anamwita bibi akiwa amekaa mbele yake. Alidhani ni mchezo wa mtoto.

Nikasema basi ni jambo dogo, aende amwambie mkwe wake lile la jino, yaishe. Wote wawili wakanitazama kama mtu aliyeweka chumvi kwenye chai.

"Mama mukwe hawezi kwenda kwa mutoto yake kujieleza," Bibi Koleta akasema. "Atasikia haya yeye, nitasikia haya mimi." Akaokota jembe lake. "Lakini naweza kwenda na njaa."

Alikwenda kesho yake. Mimi nilitumwa na Masera nipeleke chupa ya mawese nyumbani kwa Mama Furaha, na nikachelewa makusudi kuondoka, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa nimekaa kwenye jiwe la mlangoni. Bibi Koleta aliketi, akapewa maji, akanywa. Mama Furaha akaanza kukata shu. Mzee akamzuia.

"Nimetembea kutoka Katoyi," akasema. "Roho yangu inataka lengalenga."

Kisu kilisimama. "Lengalenga, mama? Ile ya jalala?"

"Ya jalala, ya shamba, hata ya njiani. Ya mukono yako."

Niliona Mama Furaha anatafuta dharau kwenye uso wa mama mkwe wake, na hakuipata. Akatoka, akaenda nyuma kwa jirani, akarudi na majani pindoni mwa kitenge. Nisingetaka kuwa jani siku hiyo. Aliosha, akamwaga, akaosha, akamwaga, akalitazama beseni kwa jicho ambalo Muzee Kambale mwenyewe angelinyamazia. Nilimpa chupa ya mawese nikamwambia kiasi gani, kwa sauti ndogo kabisa, bila kugonga kichwa cha shu yoyote.

Alileta sahani, akaiweka mbele ya mama mkwe, akapiga magoti pembeni. Bibi Koleta akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Sote tulisikiliza meno yake. Alitafuna taratibu upande ule, akahamishia upande huu. Hakuna kilicholia.

"Ongeza," akasema.

Kisha akaita, "Furaha, kuja kula na bibi." Mtoto akaja akifuata sauti, akaketi kwenye paja la bibi yake, na mkono wa mzee ukaushika mkono mdogo, ukauongoza mpaka kwenye sahani yao moja. Mama Furaha akaenda nyuma ya nyumba kidogo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemwuliza moshi umetoka wapi. Nilitembea kurudi dispansari nikiimba peke yangu barabarani, mtu mzima, mikono mitupu.

Tangu hapo lengalenga ilipikwa nyumba ile kila siku, na Bibi Koleta alikuja na njaa mara nyingi kuliko njaa yenyewe. Shu haikufukuzwa. Masera alimwonyesha Mama Furaha kuikata nyembamba na kuipasha tu, na kumpa mtoto yale majani ya nje yenye kijani tuliyozoea kuwatupia sungura. Lengalenga ikichumwa asubuhi, saa sita imeshakata tamaa. Shu inangoja mpaka Jumamosi, inapanda lori mpaka Vitshumbi, inafika bado inajua jina lake. Wavuvi kule wenye samaki tele na mboga chache waliishangilia. Kwa hiyo, binti wa miwani, ukitaka ya jicho, damu na mfupa, shika lengalenga ya mkono wako wa kushoto. Ukitaka ya kukaa na ya kusafiri, shika shu ya mkono wa kulia. Ukiwa na mikono miwili kwa nini uachie moja?

Lakini hukuniuliza mtoto alikuwaje.

Meli ilipofika na mafuta ya samaki, Masera alisema tumpime kwanza Furaha kabla ya kufungua chupa mpya. Mama yake alimleta, na bibi yake pia, wote wawili wamevaa vya misa. Masera akaweka ndizi stooni juu ya gunia, mbali zaidi ya mara ya kwanza. Nikamtafuta Muzee Kambale aje aone, sikumwona popote. Nikadhani amekwenda sokoni, nikamkasirikia moyoni, maana siku ile ilikuwa yake kuliko yangu.

Furaha akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake. Hatukusikia kupapasa. Hatukusikia magunia. Mama Furaha akamshika mama mkwe wake mkono, na nadhani hakujua ameushika.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Mtoto akatoka, ndizi mkono mmoja, na mkono wa pili anamvuta Muzee Kambale kwa kidole. Muzee alikuwa amejificha kwenye kona ya stoo, nyuma ya magunia, kwa sababu hakuweza kukaa nje na kungoja. Aproni yake ilikuwa nyeusi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na uso wake ulikuwa na mistari miwili myeupe kutoka machoni mpaka kidevuni.

"Huyu papa alijificha kule nyuma," Furaha akatutangazia. "Nimemuona. Analia."

"Silie," Muzee Kambale akasema kwa ukali wake wote. "Ni makaa."

Mtoto akamwangalia usoni kwa muda, kutoka chini mpaka juu, kama mtu anayesoma.

"Makaa haina maji, papa," akasema, akamenya ndizi yake, akampa nusu.